Kurudia Chrono Trigger Mkononi: Toleo Lipi Linastahili Fedha Yako?

Chrono Trigger, gemu ya video ya kusafiri katika nyakati mbalimbali, ilitoka Japani tarehe 11 Machi 1995 kwa ajili ya Super Famicom (jina la Kijapani la Super Nintendo), na mwezi Agosti mwaka huohuo ikaingia Marekani kwenye Super Nintendo. Tangu hapo imehamishwa kutoka mashine moja hadi nyingine mara nyingi, kiasi kwamba anayetaka kuirudia leo akiwa kitandani, kwenye basi la mkoani au kwenye foleni ya benki hakosi pa kuipata. Anachokosa ni mtu wa kumwambia bila kuzunguka ipi ainunue na ipi aiache. Mwongozo huu unapanga njia nne za kuicheza mkononi, kuanzia ninayoiona bora hadi ya mwisho, na umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyekwisha kuimaliza angalau mara moja. Anayeianza leo anaweza kuusoma pia, ila mambo kadhaa yanayonisumbua mimi, hasa habari za tafsiri, yeye hayatamsumbua.

Je, irudiwe au iachwe?

Kabla ya kuzungumzia fedha, yafaa msomaji ajiulize kama anataka kweli kuicheza tena au anataka tu kuikumbuka, kwa sababu haja hiyo ya pili hutimizwa na kusikiliza muziki wake, uliotungwa na Yasunori Mitsuda, jioni moja pasipo kutoa hata senti. Nasema hivi kwa kuwa gemu nyingi za RPG (za kuwaongoza na kuwakuza wahusika) za miaka ya tisini hazirudiki. Ukishaijua hadithi, kinachobaki ni mapambano yanayokuvamia kila baada ya hatua chache, na saa nzima nzima za kuwakuza wahusika ili waweze kumwangusha bosi mmoja.

Chrono Trigger imeepuka sehemu kubwa ya adha hiyo. Maadui wake wengi huonekana wazi wakizunguka mbele yako, baadhi yao hukwepeka, na pambano likianza hufanyika palepale mlipokutana bila kukuhamishia kwenye skrini nyingine. Mchezaji wa kawaida huimaliza kwa muda wa saa 20 hadi 25, na anayerudia huku akikumbuka njia hutumia muda mfupi zaidi ya huo. Kwa mtu mzima mwenye kazi na familia, hesabu hiyo ni ya kuzingatia: ni gemu inayoweza kumalizika ndani ya mwezi mmoja wa nusu saa za usiku.

Sababu ya pili ya kuirudia imo ndani ya gemu yenyewe. Ukishaimaliza, unapewa nafasi ya kuanza upya kwa njia iitwayo New Game+, ambayo huwaacha wahusika wako na nguvu walizozipata na silaha walizozikusanya, kisha hukuruhusu kumkabili Lavos, adui mkuu, karibu wakati wowote unaotaka. Mwisho wa hadithi hutegemea umemshinda katika hatua ipi ya safari. Ziko tamati zaidi ya kumi, na mtu aliyeicheza mara moja tu ameona moja. Katika gemu hii, basi, kurudia ni sehemu ya mpango wa waliotengeneza, na hao hawakuwa watu wadogo: Hironobu Sakaguchi wa Final Fantasy, Yuji Horii wa Dragon Quest, na mchoraji Akira Toriyama.

Kisha kuna zile tamu ndogondogo ambazo mara ya kwanza hupita bila kuonekana. Mfano ninaoupenda ni kesi ya Crono, mhusika mkuu. Mwanzoni kabisa, katika maonyesho ya mwaka 1000, Crono anagongana na msichana, na mkufu wa msichana huyo unaangukia kando. Mchezaji mgeni huokota mkufu kwanza, kwa sababu kila gemu imemfundisha kwamba kitu kinachong'aa huokotwa. Akiendelea kutembea anakuta chakula cha mzee mmoja kimeachwa mezani, anakila. Anamkuta mtoto aliyepotelewa na paka, na pengine anampuuza. Saa kadhaa baadaye Crono anasimamishwa mahakamani mbele ya wazee wa baraza saba, na kila tendo kati ya hayo linaletwa kuwa ushahidi. Unaporudia ukiwa unajua, maonyesho yaleyale yanageuka kitu kingine: unatembea kwa adabu, unamwinua msichana kwanza, unamrudishia mtoto paka wake, na chakula cha mzee unakipita kana kwamba umefunga. Gereza linakusubiri vilevile, lakini unaingia ukiwa mtu mwema.

Kwa aliyeimaliza mara tatu au nne, na ambaye tamati zote anazijua, ushauri wangu ni kutonunua toleo jingine. Hakuna toleo lolote kati ya haya lenye nyongeza inayoweza kubeba gharama hiyo peke yake.

Ya kwanza: kadi ya Nintendo DS

Toleo la Nintendo DS lilitoka mwezi Novemba 2008 Japani na Marekani, likafika Ulaya Februari 2009. Naliweka juu kwa sababu moja kubwa, nayo ni kwamba ndilo toleo la mkononi ambalo waliolihamisha walikifikiria kifaa chenyewe. Ukichagua mpangilio wa DS, amri za pambano na ramani hushuka kwenye skrini ya chini, na skrini ya juu hubaki safi, bila masanduku ya maandishi kufunika nusu ya uwanja. Anayetaka kila kitu kikae kama zamani huchagua mpangilio wa awali, na mambo hurudi yalivyokuwa mwaka 1995. Picha za katuni zilizotengenezwa kwa ajili ya toleo la PlayStation la mwaka 1999 zimo, ila zile subira za kungojea diski ya PlayStation isomwe hazimo.

Jambo moja dogo linaonyesha kwa nini vitufe vya Nintendo vinaifaa gemu hii kuliko vingine. Kuna usiku ambapo Lucca, rafiki wa Crono, anarudishwa utotoni mwake, siku ambayo mama yake alinaswa na mashine, na mashine husimama tu ukiingiza neno la siri, ambalo ni jina la mama huyo: Lara. Kwenye Super Nintendo na kwenye DS unabonyeza L, kisha A, kisha R, kisha A tena, haraka, kabla muda haujakwisha. Jina linaandikwa kwa vidole vyako. PlayStation haina kitufe chenye herufi A, na tukio hilo linapoteza ule mshtuko wa kugundua kwamba kidude ulichokishika muda wote kilikuwa na jina la mama ndani yake. Unaweza kusema hilo ni jambo la sekunde kumi tu katika gemu ya saa 20. Kwa anayerudia, ni la sekunde kumi anazozingojea.

Tafsiri ya DS ilifanywa upya na Tom Slattery, na hapa wazee wa mwaka 1995 wana haki ya kunung'unika kidogo. Katika tafsiri ya kwanza, iliyofanywa na Ted Woolsey, yule shujaa aliyegeuzwa chura alizungumza Kiingereza cha kale cha mashairi na sala, na lafudhi hiyo ikawa ndiyo sura yake. Slattery aliiondoa. Kwa upande mwingine, mambo yaliyofichwa mwaka 1995 yalirudi mahali pake: wale watu wa enzi za mawe ambao Waamerika waliwaona wakishindana kunywa supu, katika tafsiri mpya wanakunywa kinywaji kikali, na mashindano yao hatimaye yanaleta maana. Mimi namkosa Chura wa zamani, lakini mashindano ya supu siwezi kuyatetea.

Nyongeza za DS zisimvute mtu. Sehemu mpya iitwayo Lost Sanctum ni kwenda na kurudi, kupanda na kushuka mlima uleule kwa kutumwa vitu, na uwanja wa kupiganisha mazimwi hauna la maana kwa anayecheza peke yake. Pango la Dimensional Vortex ni afadhali, kwa kuwa linafungua tamati moja mpya inayoelekeza kwenye Chrono Cross, gemu iliyoifuata hii. Mwenye haraka azipite zote.

Kadi hiyo huingia kwenye kifaa chochote cha familia ya DS, na pia kwenye 3DS na 2DS. Uchaguzi kati ya vifaa hivyo hauko sawa. DS Lite ina skrini ambayo ukubwa wake ndio hasa gemu ilichorewa, kwa hiyo picha ni kali, na betri yake ikiwa nzima hukaa muda mrefu. Tatizo ni umri, kwani bawaba ya upande wa kulia hupasuka na vitufe vya L na R hufa. Hilo la vitufe si la kupuuzwa hapa, kwa maana mbali na jina la Lara, kukimbia pambano kunahitaji L na R vishikwe kwa pamoja. 3DS ni imara zaidi na si ya zamani sana, kwa kuwa ilitoka 2011 na utengenezaji wake ukakoma 2020. Kasoro yake ni kwamba huvuta picha za DS zijae kwenye skrini, nazo huingia ukungu. Dawa ipo na haigharimu kitu: unapoifungua gemu, shikilia Start au Select, na picha itatokea ndogo katikati, lakini kila nukta ikiwa mahali pake. Watu wanaokaa na 3DS miaka mitano bila kulijua hili ni wengi kuliko unavyodhani.

Sasa suala la kununua. Vifaa hivi siku hizi ni vya mtumba, na vingi vinavyofika kwetu, ukivikuta Kariakoo, Luthuli au mkononi mwa jamaa aliyerudi safari, vilianza maisha yao Japani au Marekani. Kadi za DS za kawaida hazikufungiwa eneo, kwa hiyo kadi ya Marekani hucheza vizuri ndani ya 3DS ya Japani. Lakini 3DS ya Japani ina menyu za Kijapani peke yake, na kadi ya Japani ina hadithi nzima kwa Kijapani. Picha ya kwenye jalada inafanana, na muuzaji huenda asijue tofauti. Soma maandishi ya kwenye kadi yenyewe kabla ya kuuliza bei.

La hatari zaidi ni chaja. Umeme wa Japani ni wa volti 100 na wa Marekani ni wa volti 120, wakati Tanzania ni 230 na Kenya ni 240. Chaja ya Nintendo iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la nchi yake huandikwa kiwango chake mgongoni, mbele ya neno INPUT, kwa herufi ambazo macho ya usiku hayazioni. Mimi niliwahi kununua DS Lite ikiwa na chaja yake "orijino", kama nilivyohakikishiwa kwa fahari, nikaichomeka sebuleni kwa kutumia adapta ya kubadilisha miguu ya plagi. Ilitoa mlio kama wa karanga inayopasuka, kisha harufu, kisha mke wangu akauliza nani anachoma plastiki. Mashine ilinusurika, chaja haikunusurika. Adapta ya miguu haipunguzi volti. Kama mgongoni hapajaandikwa 100 hadi 240, nunua waya wa USB wa kuchajia kifaa hicho, ambao ni rahisi na huchomekwa kwenye chaja ya simu.

Ya pili: simu uliyo nayo

Toleo la simu huuzwa kwa dola 9.99 kwenye maduka ya programu ya Android na ya iPhone, na ukilinganisha na kutafuta mashine, kadi na chaja, hapo hakuna mashindano ya bei. Linatokana na lile la DS, lina tafsiri ileile na mapango yaleyale ya nyongeza, ukiondoa uwanja wa mazimwi, ambao nimekwisha kusema hauna la maana. Toleo hili liliboreshwa mwaka 2018, na likaongezewa uhifadhi unaojifanya wenyewe, jambo ambalo kwa mtu anayecheza kwenye daladala ni ukombozi: simu ikiita, ukapokea, ukazungumza dakika kumi, hupotezi safari ya pango zima.

Sababu inayoliweka nafasi ya pili ni vidole. Kutembea kwa kusukuma kidole juu ya kioo kunavumilika mjini na kwenye ramani ya dunia, ambako huna haraka. Kunaudhi pale ambapo gemu inataka usahihi, kama kwenye mashindano ya pikipiki ya mwaka 2300, au unapojaribu kumpita adui bila kumgusa kwenye njia nyembamba na kidole chako mwenyewe kimemfunika. Mapambano, kwa kushangaza, yanafaa sana: kugusa jina la shambulio kisha kugusa adui ni haraka kuliko kuteremka orodha kwa vitufe. Kwa hiyo anayekumbuka Chrono Trigger kwa mapambano na hadithi yake atafurahi, na anayeikumbuka kwa kutembeatembea atakunja uso.

Malipo yalikuwa kikwazo kwa wengi wetu wasio na kadi za benki za kimataifa. Kwa Kenya, kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay iliyozinduliwa mwaka 2022 imelirahisisha jambo hilo. Kwingineko, kadi ya benki iliyofunguliwa kwa malipo ya mtandaoni hutosha. Pakua ukiwa kwenye Wi-Fi, si kwa bando la siku. Na ukibadilisha simu, usifikirie kwamba safari yako uliyoihifadhi itakufuata yenyewe; hakikisha kwanza, ukiwa bado unayo simu ya zamani mkononi.

Kwa msomaji asiye na kifaa chochote cha gemu na asiyetarajia kununua gemu nyingine ya DS, hii ndiyo ya kwanza, si ya pili. Kununua mashine nzima ya mtumba kwa ajili ya gemu moja ya saa 20 ni kama kununua ng'ombe kwa sababu umetamani chai ya maziwa.

Ya tatu: Steam Deck

Hapa cheo kinategemea mfuko kuliko ubora. Chrono Trigger iliwekwa kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta la kampuni ya Valve, tarehe 27 Februari 2018 ikiwa na hali ya aibu: ilikuwa toleo la simu lililobandikwa kwenye kompyuta, maandishi yenye umbo la ajabu, picha zilizolainishwa hadi nyuso zikawa kama za sabuni, na mistari ikionekana kati ya vipande vya ardhi. Malalamiko yalikuwa makubwa, na Square Enix ikatoa marekebisho moja baada ya jingine mwaka huo, likiwemo la kurudisha picha za asili. Leo, likiwa limerekebishwa, ndilo toleo zuri zaidi kutazama kwenye skrini kubwa, bei yake ya kawaida ni dola 14.99, na hushuka wakati wa punguzo za Steam.

Steam Deck, mashine ya mkononi ya Valve ya kuchezea gemu za Steam, ina skrini ya inchi 7 katika toleo la kwanza na vitufe vya kweli, na ukibonyeza kitufe cha kuzimia hulala palepale ulipofika. Lakini ina uzito wa gramu 669, au 640 kwa ile ya baadaye yenye skrini ya OLED, na kwa gemu ya namna hii, inayochezwa ukiwa umelala chali na mikono juu, utaujua uzito huo ndani ya robo saa. Mashine ilianza kuuzwa mwaka 2022 kwa dola 399 kwa ile ya chini kabisa, na Valve haina duka lake rasmi Afrika Mashariki, kwa hiyo inayoletwa huku haina dhamana unayoweza kuifuatilia kwa basi. Faida moja ya wazi kwetu ni chaja: ni ya USB-C, inakubali umeme wa nchi yoyote.

Aliye nayo tayari asisome zaidi. Aweke gemu, achague picha za asili kwenye mipangilio kabla ya kuanza, na aendelee na maisha yake. Asiye nayo asiinunue kwa ajili ya Chrono Trigger.

Ya nne: PSP na PS Vita

PSP na PS Vita ni vifaa vya mkononi vya Sony, na hili ni toleo la PlayStation la mwaka 1999, ambalo Marekani lililipata mwaka 2001 likiwa ndani ya kifurushi cha Final Fantasy Chronicles, na ambalo baadaye, 2011, liliwekwa kwenye duka la mtandaoni la PlayStation nchini humo. Lina tafsiri ya Woolsey, kwa hiyo Chura anazungumza kama alivyozungumza, na skrini ya OLED ya Vita ya kwanza ni nzuri mno kwa rangi za Toriyama. Ingekuwa hayo tu, ningelipandisha.

Kinacholiangusha ni subira. Gemu hii ilitengenezwa kwa ajili ya kadi isiyo na kitu kinachozunguka, kisha ikahamishiwa kwenye diski, na kuhama huko kulileta kusita ambako hakukuwepo: unafungua menyu, inasita; pambano linaanza, linasita; linakwisha, linasita. Kila mara ni muda mfupi, pengine wa kuvuta pumzi, lakini katika gemu ambayo sifa yake kubwa ni kwamba pambano linaanza palepale uliposimama, kusita huko kunaikata pumzi yenyewe. Aliyewahi kuicheza kwenye Super Nintendo au DS atalisikia jambo hili ndani ya dakika tano za kwanza msituni.

Kuna na ugumu wa kuinunua. Duka lililokuwa ndani ya PSP lilifungwa kwa manunuzi mwaka 2021. Duka la Vita limebaki, ila halipokei tena kadi za benki moja kwa moja kwenye kifaa, kwa hiyo unahitaji akaunti ya Marekani na salio la kadi za zawadi za Marekani. Vita pia hutumia kadi za kumbukumbu za aina yake peke yake, ambazo ni ghali na hazitengenezwi tena. Hesabu ikikamilika unakuta umelipa zaidi ili upate kilicho pungufu.

Zisizopangwa

Wengi huuliza kuhusu Nintendo Switch, na wengine huinunua wakidhani imo. Iliyowekwa kwenye Switch mwaka 2022 ni Chrono Cross, gemu nyingine kabisa, nzuri kwa namna yake. Hadi ninapoandika haya, Chrono Trigger haiuzwi humo, na majina mawili yanayofanana yamekwisha kuwapotosha watu.

Vile vifaa vidogo vya Anbernic na Miyoo, vinavyouzwa vikiwa na maelfu ya gemu za zamani ndani, ni vizuri kwa mkono na bei yake ni ya kibinadamu. Gemu zilizojazwa humo, hata hivyo, hazikulipiwa na aliyezijaza. Kwa mtu anayemiliki kadi halali na mwenye ujuzi wa kuinakili mwenyewe, ni suala jingine; kwa wengine, dola 9.99 za simu hazistahili kukwepwa.

Ukisimama mbele ya muuzaji

Tuseme umechagua kadi ya DS, kama ninavyoshauri kwa mwenye mashine. Kadi bandia za gemu hii zipo, na ubaya wake hauonekani dukani, kwa sababu huwaka na kucheza vizuri kabisa hadi siku utakapoizima. Angalia kwanza kwamba lebo ina msimbo unaoanza na herufi NTR, na kwamba chapa yake ni kali, haijafifia pembeni. Kisha omba iingizwe kwenye mashine. Kadi ya mtumba mara nyingi huja na safari zilizohifadhiwa na mwenyewe wa zamani; niliyonayo mimi ilikuja na wahusika wa ngazi ya 70 na kitu, na Crono akiwa amepewa jina la mtu ambaye nadhani alikuwa mtoto, kwa jinsi lilivyoandikwa kwa herufi kubwa zote. Usizifute. Kuwepo kwake ni ushahidi kwamba kadi ilihifadhi kazi ya mtu kwa miaka, na kama aliimaliza, unaweza kuanzia hapo moja kwa moja kwenye New Game+ ukiwa na silaha zake.

Kama haina kitu ndani, anza gemu mpya, mwache mama yake Crono amwamshe, shuka ngazi, toka nje hadi kwenye ramani ya dunia, ambako kuhifadhi kunaruhusiwa. Hifadhi. Zima mashine, toa kadi, ihesabie hadi kumi, irudishe, washa tena. Muuzaji atakuangalia kwa mshangao, mwache aangalie. Ukiikuta safari yako ndipo ujaribu L na R, ndipo ugeuze chaja mgongo kutafuta lile neno INPUT, na ndipo mzungumze bei.